Marimba ya mkono kwa mtoto wa miaka minne hadi saba: jinsi ya kumwanzishia nyumbani

Wazazi huniuliza mambo matatu, na karibu kila mara kwa mpangilio uleule: nimnunulie chombo gani, aanze akiwa na miaka mingapi, na nitamfundishaje ilhali mimi mwenyewe muziki siujui. Majibu ya haraka ni haya: marimba ya mkono, miaka minne au mitano, na muziki si lazima uujue, ila uwe tayari kuimba mbele ya mwanao bila kuona haya. Majibu marefu ndiyo yanayofuata.

Marimba ya mkono ni kile kisanduku au kibao chenye vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba. Wagogo huiita ilimba, na hayati Hukwe Zawose, aliyekuwa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, aliipeleka kwenye majukwaa ya dunia. Hii inayouzwa madukani na mitandaoni kwa jina la kalimba ni mjukuu wake: miaka ya 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alianza kutengeneza na kuuza marimba zilizopangwa kwa do re mi, na walioiga baadaye wakaisambaza kila mahali.

Kwa nini hiyo na si kinanda? Kwa sababu chuma kinalia vizuri tangu siku ya kwanza. Fidla hukwaruza miezi, filimbi inataka vidole vizibe matundu sawasawa, nyuzi za gitaa zinaumiza vidole laini. Kinanda ni chombo kizuri, lakini vile vya bei nafuu vina kitufe cha nyimbo zilizorekodiwa, na mtoto akishakijua hicho kitufe hatagusa kingine. Marimba haihitaji umeme. Sauti yake ni ndogo pia, kwa hiyo hata mkiwa nyumba ya kupanga jirani hatakugongea ukuta.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Marimba yenye vyuma 17 iliyotyuniwa (yaani iliyopangwa sauti) kwa C. Utaitambua kwa chuma kirefu cha katikati: kimeandikwa C na namba 1. Zipo zenye vyuma 8 au 10, nazo zinafaa kwa mikono midogo sana, ila zitamchosha mapema.
- Kinyundo kidogo cha kutyunia. Kwa kawaida huja ndani ya boksi.
- Simu yenye programu ya kutyuni. Za bure zinatosha.
- Vistika vya rangi tatu, au rangi ya kucha ya rangi tatu.
- Kitambaa kikavu.
- Dakika tano hadi kumi kwa siku, na wewe ukiwa umekaa naye. Simu iwe mbali ukishamaliza kutyuni.

Neno kuhusu marimba za mafundi wetu. Ukinunua ilimba kwa fundi wa Dodoma, usishangae ukikuta haifuati do re mi. Ina mpangilio wake wa sauti, na ule mvumo wa kukereza unaousikia umewekwa makusudi, si ubovu. Nunua, mpigie mtoto, mwache aicheze, lakini usijaribu kuigonga ifanane na piano. Hatua zilizo hapa chini ni za ile ya vyuma 17.

Kama mtoto hajafika miaka mitatu, subiri. Kinyundo na vistika huishia mdomoni, na vidole gumba bado havijapata nguvu. Mwimbie tu.

Hatua kwa hatua

1. Tyuni kabla hujampa. Marimba mpya hutikiswa sana njiani, na mara nyingi hufika ikiwa imeharibika sauti. Usimkabidhi mtoto chombo kilichopotoka, maana sikio lake litakariri upotovu huo. Washa programu, piga chuma kimoja kimoja, linganisha herufi iliyoandikwa kwenye chuma na ile inayotokea kwenye simu. Sauti ikiwa chini, gonga ncha ya chuma iliyo upande wako, kirudi juu kidogo. Sehemu inayotetemeka inakuwa fupi na sauti inapanda. Ikiwa juu, gonga ncha ya upande wa pili, kije kwako, sauti inashuka. Gonga polepole, kama unavyogonga yai la kuchemsha. Chuma kikisogea hata unene wa ukucha, sauti imeshabadilika.

2. Anza na makofi na miguu. Hapa ndipo wazazi wengi wanaruka, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Siku tatu nne za mwanzo, marimba iacheni kwenye rafu. Chukua wimbo wowote ambao mtoto anaujua tayari: wa mchezo wa uani, wa shule ya awali, kaswida ya madrasa, pambio la kanisani. Imbeni huku mnatembea, mguu ukianguka kwenye pigo. Kisha imbeni mkipiga makofi. Kisha mwambie aimbe kimoyomoyo huku akiendelea kupiga makofi, na mmalize pamoja mwishoni. Mkimaliza pamoja, ujue mapigo yameshakaa mwilini mwake. Mtoto aliyekulia penye dufu au ngoma atafanya haya bila kufikiri. Aliyelelewa na katuni za simu atahitaji muda zaidi, na hakuna ubaya.

Mchezo mwingine wa hatua hii: wewe piga makofi manne kwa mtindo fulani, yeye ajibu kwa mtindo uleule. Halafu mbadilishane, yeye aongoze. Akiongoza, fuata hata kama alichopiga hakieleweki.

3. Mpe aichezee bila somo. Siku mbili au zaidi. Mweleze sheria mbili tu: hairushwi, na kinyundo ni cha mama au baba. Mengine yote ruksa. Kama ni ya kisanduku chenye matundu, muoneshe tundu la nyuma: ukipiga chuma kisha ukaziba na kuzibua tundu kwa kidole, sauti inayumba "wau-wau". Watoto hucheka sana hapo. Kisha muoneshe jambo moja la ajabu zaidi: iweke juu ya meza ya mbao upige, halafu juu ya mto wa kulalia upige. Mezani sauti inakua, kwenye mto inamezwa. Huna haja ya kumweleza kwa nini. Atatembea nayo nyumba nzima akiijaribu kwenye mlango, ndoo na sufuria.

4. Mshiko na namna ya kupiga. Ncha za vyuma ziangalie kwake, vidole gumba juu, vidole vingine vishike kwa nyuma au pembeni. Mkono wa mtoto wa miaka minne hauwezi kuibeba na kuipiga kwa pamoja. Iwekwe mezani au mapajani.

Mtoto wa siku hizi ataanza kwa kugusa chuma kama anavyogusa kioo cha simu: anagonga, na kidole kinabaki palepale. Chuma kinanyamaza, naye anakuangalia kama vile umemnunulia kitu kibovu. Mshike kidole gumba, bonyezeni ncha chini pamoja, kisha kidole kiteleze kitoke mbele. "Bonyeza, teleza." Ukucha uguse kidogo mwishoni; ndio unaoipa sauti ule mng'ao. Kwa hiyo usimkate kucha za gumba mpaka kwenye nyama, acha ukingo mdogo tu.

Dakika tano zinatosha. Ngozi ya gumba lake haijazoea, na akiumia siku ya kwanza, siku ya pili atakukimbia.

5. Sauti tatu tu. Bandika kistika kwenye vyuma vitatu: cha katikati (do, namba 1), cha kwanza kushoto kwake (re, namba 2), cha kwanza kulia kwake (mi, namba 3). Vingine 14 kwa sasa ni mapambo.

Ona mpangilio huo: sauti zinapanda kwa kurukaruka kushoto na kulia, kinyume na kinanda ambacho kinakwenda upande mmoja. Do katikati, re kushoto, mi kulia, fa kushoto, so kulia, na kuendelea hadi pembeni. Aliyezoea kinanda huchanganyikiwa hapa. Mtoto hachanganyikiwi, kwa kuwa hana alichozoea. Na mwenye mkono wa kushoto hana tatizo lolote, vidole gumba vyote viwili vinafanya kazi sawa.

Imba "do", apige do. Imba "mi", apige mi. Kisha geuza: yeye apige, wewe na yeye muimbe. Halafu afumbe macho, wewe upige moja kati ya do na mi, aseme ni ipi. Anza na hizo mbili kwa sababu zimeachana. Re iingie baadaye. Kama hukuwahi kuimba kwaya na do re mi huzijui, piga chuma kwanza, kisha ufuatishe kwa mdomo. Sikio lako nalo litajifunza.

Tahadhari kwa akina baba: sauti nzito inamchanganya mtoto mdogo. Anasikia unaimba, anajaribu kukufuata huko chini, anashindwa, anadhani hajui kuimba. Imba kwa sauti nyembamba na nyepesi, hata kama unajisikia kichekesho.

6. Wimbo wa kwanza. Usikimbilie nyimbo maarufu. Nyingi zinahitaji vyuma sita au saba. Huu hapa ni wa sauti tatu, nimeutunga kwa ajili ya hatua hii:

Pa-ka wa-ngu yu-ko wa-pi
3 3 2 2 3 3 2 1

A-me-la-la ji-ko-ni
1 1 2 2 3 2 1

Mwimbie mara nyingi kabla ya kumuonesha vyuma. Kwa siku mbili uwe wimbo wa kuogea. Akishauweza kwa mdomo, mpigie huku anaangalia. Kisha apige yeye mstari wa kwanza, wewe ujibu wa pili. Chuma cha katikati akipige kwa gumba lolote lililo karibu.

Usimpe namba zilizoandikwa kwenye karatasi. Hizo hapo juu ni zako wewe. Mtoto akianza kwa kusoma namba, macho yanafanya kazi ya masikio, na ukiondoa karatasi wimbo unaondoka nao. Namba zina wakati wake, na wakati huo si mwezi wa kwanza.

Badilisheni maneno mnavyotaka. Paka awe baba, jikoni pawe kazini. Akitunga maneno yake mwenyewe atauimba mara nyingi zaidi kuliko wewe unavyoweza kuvumilia.

7. Kutelezesha gumba. Gumba la kulia lianze chuma cha katikati, liteleze kulia kupita viwili vinavyofuata: do, mi, so, vyote kwa mkupuo mmoja. Umepata chodi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, bila somo la chodi. Gumba la kushoto lifanye hivyo kwa vyuma vitatu vya kwanza vya kushoto: re, fa, la. Mtoto atelezeshe kulia mara nne, kushoto mara nne, arudie, huku wewe unaimba chochote juu yake. Huyo sasa anapiga nawe, si kwa ajili yako, na utaona hata anavyokaa anabadilika.

Fanya hatua hii ikae muda mrefu. Sioni haraka ya kwenda mbele ikiwa mnafurahia hapo.

8. Ongeza so, kisha la, kisha fa na ti. Moja kwa wakati, na kila ikiingia rudia michezo ya hatua ya 5. So na mi pamoja zitamkumbusha jinsi watoto wanavyoitana uani: mwambie apige jina la rafiki yake kana kwamba anamwita akiwa mbali. Watoto wengi huanzia so, wakashuka mi, bila kuambiwa.

9. Wimbo anaoujua, autafute mwenyewe. Akiwa na sauti tano, chagua wimbo mfupi anaoupenda, mpe chuma cha kuanzia tu, akatafute uliobaki. Kaa kimya. Atakosea, atarudi, atakosea tena. Usimwambie "hapana, kile cha kushoto." Ukiona amekwama kabisa, imba mstari ule mara moja, basi.

Ratiba

Kila siku kidogo ni bora kuliko Jumamosi nzima. Unganisha na jambo ambalo lipo tayari: baada ya kuoga na kabla ya chakula cha usiku panafaa nyumba nyingi. Akiwa na njaa au usingizi msijaribu. Malizeni wakati bado anataka kuendelea.

Marimba ikae anapoifikia. Ukiifungia kabatini pamoja na sahani za wageni, atakuwa na miadi na chombo badala ya kuwa na chombo. Itachubuka, ndiyo. Ilinunuliwa ichubuke.

Na tafadhali, wageni wakija usimwite: "Njoo umpigie anko." Nimeona watoto waliokuwa wanapiga kila siku wakaacha baada ya kusimamishwa sebuleni mbele ya watu wazima sita na simu zinazorekodi. Akitaka mwenyewe, apige. Ukitaka kumtumia bibi yake video, mrekodi akiwa hajui, tena sekunde chache, na usimpe maoni ya kundi la familia.

Mambo yakienda kombo

*Chuma kimoja kinakereza.* Kwanza angalia kama kimegusana na jirani yake, kisogeze katikati. Kama hakijagusana, kisukume kushoto na kulia kidogo kikae vizuri juu ya daraja lake, kile kipande kinachokibeba. Kikiendelea, kata kipande kidogo sana cha karatasi, kiingize kati ya chuma na daraja, kisha tyuni upya. Mara nyingi kero huishia hapo.

*Vyuma vya pembeni havilii vizuri.* Vile vifupi kabisa huwa na sauti kavu katika marimba nyingi za bei nafuu. Mtoto hatavihitaji kwa muda mrefu, viache.

*Kidole gumba kinauma.* Pumzisha siku moja au mbili. Akirudi, angalia kama anabonyeza kwa nguvu mno. Chuma kinahitaji kuinama kidogo tu. Kama ngozi imechubuka, makofi na kuimba viendelee bila marimba.

*Anapigapiga ovyo, hataki mchezo wowote.* Piga naye ovyo. Kisha piga ovyo polepole, halafu kimyakimya, halafu kwa nguvu, uone kama anakufuata. Akikufuata, kumbe ameshaanza somo. Asipokufuata, mwache amalize.

*Anatumia gumba moja tu.* Cheza mchezo wa "gumba limelala": la kulia linalala pembeni mwa marimba, la kushoto linapiga peke yake, kisha yanabadilishana zamu. Usimpige mkono wala kumkaripia.

*Amekwama kwenye wimbo wa paka wiki nzima na zaidi.* Hajakwama. Watoto hurudia wanachokiweza kama wanavyotaka hadithi ileile kila usiku. Wewe ndiye umechoka. Jiongezee kazi: apige kama kawaida, wewe piga makofi ya mtindo tofauti juu yake.

*Kaka na dada wanagombania.* Mmoja marimba, mwingine ndoo iliyopinduliwa na mwiko. Wabadilishane kila wimbo ukiisha. Mwenye ndoo ndiye anayeshika mapigo, mwambie hivyo, ajue amepewa kazi kubwa. Kama uwezo upo, nunua ya pili, lakini hakikisha nazo zimetyuniwa sawa kabla hazijapigwa pamoja.

*Amekataa kabisa.* Iache mahali pake, usiitaje. Ipige wewe mwenyewe jioni, taratibu, kwa ajili yako. Wengi hurudi. Asiporudi baada ya miezi, huenda chombo chake ni ngoma au ni sauti yake, na makofi ya hatua ya 2 hayakupotea.

*Vyuma vimeanza kutu.* Kwa wakazi wa Pwani hili litatokea tu, kwa sababu ya jasho la vidole na upepo wa chumvi. Pangusa kwa kitambaa kikavu kila mkimaliza. Usitumie maji. Kwa kutu iliyoanza, tone la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa, pangusa, kisha pangusa tena kwa upande mkavu mpaka kidole kisiteleze. Usiiache juani wala ndani ya gari lililofungwa, ubao hupasuka.

*Sasa anataka kinanda.* Mwoneshe do kwenye kinanda cha shule, cha kanisani au cha jirani: funguo nyeusi zimepangwa mbilimbili na tatutatu, na do ni ufunguo mweupe ulio mara tu kushoto kwa zile mbili. Mwache aupige wimbo wa paka kuanzia hapo, kwa kidole kimoja. Akiutoa bila msaada wako, anza kudunduliza fedha, na ukienda dukani chukua chenye funguo za ukubwa wa kawaida, si zile nyembamba za mchezo. Marimba isiuzwe.